Siku Yangu na Mishipa ya Panya

Hapa Majengo, Mombasa, watu wanajua nafanya "kazi za kompyuta", basi. Nikisema nalipwa kuchora mishipa ya damu ya masikio ya panya wanacheka mpaka wanashika mbavu, kuna jirani alidhani ni wale matapeli wa mtandaoni.

Saa kumi na mbili asubuhi: mahamri, mbaazi, chai, laptopu. Naanza mapema manake chumba hiki cha mabati ikifika saa nne ni tanuri.

Picha zinatumwa na maabara ya ng'ambo, mimi nachora mstari juu ya kila mshipa na kuihesabu, panya mwenyewe sijawahi kumwona. Ndani ya sikio kuna kokilia, ile iliyojiviringa kama konokono, na ukutani mwake kuna utepe mwembamba uliojaa vimishipa, wenyewe wanauita stria vaskularisi. Hiyo ndiyo betri ya sikio, inasukuma potasiamu kwenye maji ya ndani na kuweka umeme wa kama milivolti 80, huo umeme ukishuka seli za kusikia zaweza kuwa hai na bado usisikie kitu. Panya wa kazi hii baadhi yao wana jeni ya NDP iliyoharibika, ile ile inayoleta ugonjwa wa Norrie kwa watoto wa kiume, wanazaliwa hawaoni halafu wengi wao kadri wanavyokua na masikio nayo yanaanza kufifia.

Yupi mzima yupi mgonjwa siambiwi, nisije nikapendelea. Lakini jicho linazoea bwana. Kuna picha ni kama wavu mpya, matundu yanalingana, na kuna picha ni wavu uliosahaulika ufuoni, uzi huu umevimba, ule umekatika, hapa pengo tupu.

Kufikia saa nne nilikuwa na picha 11, nikajiona mwanamume.

Saa tano ndio ikaingia meseji ya msimamizi. Sasa skilizeni. Mshipa mdogo ukifa unaweza kuacha ganda lake, kauzi kembamba hakana damu wala seli, kwenye picha kanang'aa kidogo tu. Wiki iliyopita huyu huyu alisema chora kila kinachong'aa, nikachora. Leo anasema vile viuzi si mishipa, kwa nini umevihesabu, rudia zote 40. Nikamtumia maneno yake mwenyewe, akajibu "maelekezo yameboreshwa". Yameboreshwa! Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ana haki, ukihesabu maganda panya mgonjwa anaonekana ana mishipa kumbe amebaki na makaburi, ila si angesema mapema jamani, na malipo ya kurudia hakuna.

Nikarudi picha ya kwanza. Kukuza, kufuata kauzi mpaka mwisho, kuangalia kama kana seli, kufuta, kingine. Jasho linadondoka kwenye kibodi. Picha ya sita stima ikapotea, feni kimya, betri ya laptopu ina asilimia 30, betri ya panya sijui ngapi. Nikabeba kila kitu hadi kwa rafiki yangu Mwembe Tayari ana sola, tuktuk shilingi 100 hiyo nayo mfukoni mwangu, na kule dada zake wanataka kuona "huyo panya".

Adhuhuri sijui ilipita vipi. Kuna viazi karai nilikula, nakumbuka ukwaju.

Magharibi niko nyumbani, stima imerudi, macho yanawaka kama nimepakwa pilipili. Mama akasimama mlangoni na leso yake, "Mwanangu, bado hao panya?"

"Bado mama, zimebaki tisa."

"Wana bahati. Wao wahesabiwa mishipa huko, mie presha yangu mwezi wa pili haijapimwa."

Nikaacha laptopu wazi nikaenda kutafuta ile mashine ya presha, kumbe betri zake zimeisha, nikavuka barabara dukani nikanunua mpya. Nikampima, 148 kwa 92, nikaandika kwenye daftari lake, tukagombana kidogo juu ya chumvi.

Ya mwisho niliituma saa tano na nusu usiku. Sijafika kitandani simu ikalia: picha namba 17, tafadhali rudia.

Nikaizima.