Beji ya Chelsea na usiku ule wa Mazembe

Kijana wa dada yangu ana jezi ya Chelsea yenye ile beji ya dhahabu kifuani, ile waliyopewa baada ya kuwachapa PSG ya Ufaransa 3-0 fainali ya Kombe la Dunia la klabu kule Marekani tarehe 13 Julai 2025, Cole Palmer mbili, João Pedro moja, na zote ziliingia kabla ya mapumziko. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hapa Kampala hakuna maongezi yanayoisha bila "sisi ni mabingwa wa dunia". Sawa. Alafu ikafika Desemba mwaka huohuo, tarehe 17, Qatar, PSG wakatoka 1-1 na Flamengo ya Brazil, ikaenda penalti, kipa wao Safonov akaokoa nne peke yake, na FIFA ileile ikawapa PSG kombe la mabara, lile la mabingwa wa kila bara. Kijana akanigeukia, "Mjomba, sasa bingwa wa dunia nani, sisi ama wao?"

Nikamwambia si nyinyi wala si wao. Alikasirika kweli, na tangu hapo ananidai maelezo, kwa hiyo naandika yote hapa asome mwenyewe.

Mimi nimekulia Arua. Anayeijua Arua anajua Kongo iko hapo karibu, watu wa Ariwara wanakuja soko letu na sisi tunakwenda lao, Kiswahili, Lingala na Kilugbara vyote vinakutana kwenye mzani mmoja wa maharage. Desemba 2010 TP Mazembe ya Kongo walikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la klabu, na kile kibanda cha video karibu na kwetu kilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye moshi wa jenereta wakichungulia kupitia nafasi za mbao. Mazembe walikuwa wameshaitoa Pachuca ya Meksiko 1-0. Usiku ule walikutana na Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini, na hata Wakongo wenyewe walikuwa kimya kimya wanaomba tu isiwe aibu, manake nyota wao Trésor Mputu alikuwa amefungiwa kucheza.

Kipindi cha pili Kabangu wa Mazembe akafunga. Mimi nakumbuka sauti zaidi kuliko goli lenyewe, yaani lile paa la mabati lilitetemeka. Tukakaa roho juu nusu saa nzima, Wabrazil wanapiga, kipa wetu Kidiaba anadaka, wanapiga tena, anadaka tena, alafu zikiwa zimebaki dakika chache Kaluyituka akamaliza kazi, 2-0, na Kidiaba akakaa chini golini kwake akaanza kurukaruka kwa makalio vile alivyozoea, na kibanda kizima watu wazima wakakaa kwenye vumbi wakaruka naye. Ilikuwa mara ya kwanza klabu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kufika fainali ya dunia. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja Mkongo muuza vitenge, analia, na jamaa mmoja nyuma akasema hawa wana bahati kualikwa kwenye mashindano makubwa. Yule mzee akageuka. "Nani amewaalika? Wameshinda Afrika, wakaenda."

Hilo neno la mzee ndilo linanifanya nikatae ile beji ya kijana wetu, na nitaeleza kwa mfano mmoja tu ambao mpaka leo unaniuma. Tarehe 1 Juni 2025 Pyramids ya Misri iliwafunga Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini 2-1 Cairo na kuchukua ubingwa wa Afrika. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Juni, mashindano ya Marekani yakaanza, timu 32, na Afrika ilikuwa na nafasi nne. Nani walikwenda? Al Ahly, Wydad, Espérance na Sundowns. Sundowns waliofungwa fainali wako Marekani, Pyramids waliowafunga wako nyumbani wanaangalia kwenye tivii! Kwa sababu hesabu ilikuwa ya miaka minne, mabingwa kuanzia 2021 mpaka 2024 pamoja na pointi za viwango. Chelsea wenyewe waliingia kwa kombe la Ulaya la 2021, na msimu ule uliokuwa umetoka kuisha walikuwa wanacheza Conference League, mashindano ya ngazi ya tatu Ulaya. Liverpool bingwa wa Uingereza hakuwepo, Barcelona bingwa wa Hispania hakuwepo, Napoli bingwa wa Italia hakuwepo, lakini Inter Miami ya Messi ilipewa nafasi ya mwenyeji. Hapo ndipo unakuta mualiko. Na mimi sisemi mpira uliochezwa ulikuwa mbaya, hapana, Al Hilal kuwatoa Manchester City 4-3 ni mechi nitawasimulia wajukuu, na Dortmund waliwafunga Sundowns 4-3 pia, tamu sana, Wajerumani walimaliza wakihema. Nasema tu mashindano mazuri na bingwa wa dunia ni vitu viwili.

Kwangu mimi klabu iitwe bingwa wa dunia kama imetoka kwao ikiwa bingwa wa bara lake mwaka huo, ikakutana na wengine waliotoka kwao vilevile, na wote wakapita mlango mmoja. Na mlango huo lazima uwe umefunguliwa kuanzia chini kabisa. Yaani niweze kusimama kwenye nyasi za uwanja wa klabu ya Onduparaka pale Arua na kusema hawa wakishinda ligi ya Uganda, wakashinda Afrika, kuna njia ya kufika fainali ya dunia. Ngumu, ndiyo, ngumu mno, lakini ipo.

Manake zamani haikuwepo, na hili vijana wengi hawalijui. Kombe la mabara la zamani lilianza 1960, Real Madrid na Peñarol ya Uruguay, 0-0 Montevideo na 5-1 Madrid, na kuanzia hapo mpaka 2004 lilikuwa la mabara mawili tu, Ulaya na Amerika Kusini. Afrika tulikuwa hatuhesabiwi. Mwaka 1972 Simba, ile timu yetu ya jeshi la Uganda, ilifika fainali ya Afrika ikafungwa na Hafia ya Guinea. Mwaka 1991 SC Villa wakafika tena fainali, wakapigwa 6-2 na Club Africain kule Tunis, Nakivubo ikawa 1-1. Wazee wa Villa bado wanaizungumza kama jana. Sasa fikiria Villa wangeshinda. Wangebeba kombe, wangezungushwa Kampala nzima, na mambo yangeishia hapohapo. Desemba ile Tokyo walicheza Red Star Belgrade na Colo-Colo ya Chile, 3-0, na Red Star wakaitwa mabingwa wa dunia bila hata mtu mmoja kuuliza bingwa wa Afrika yuko wapi. Oktoba 2017 FIFA ikatangaza rasmi kwamba wote walioshinda kombe lile tangu 1960 ni mabingwa wa dunia. Mimi Santos ya Pelé siwezi kuikataa, wala Flamengo ya Zico iliyowafunga Liverpool 3-0 mwaka 1981. Lakini Villa wangu walifungiwa mlango, na karatasi ya 2017 haifungui mlango wa 1991.

Na kombe hilohilo liliharibiwa na Wazungu wenyewe. Miaka ya sabini mabingwa wa Ulaya walikuwa wanakataa kwenda, Ajax walikataa, Bayern walikataa, Liverpool walikataa, mechi za Amerika Kusini zilikuwa na vurugu na safari ilikuwa ndefu. Basi anatumwa aliyeshindwa fainali. Atlético Madrid walifungwa na Bayern fainali ya Ulaya 1974, Bayern wakasusa, Atlético wakaenda wakawafunga Independiente, na leo wako kwenye orodha ya mabingwa wa dunia ingawa kombe la mabingwa wa Ulaya hawajawahi kulichukua hata mara moja. Mwaka 2000 Corinthians wakashinda yale mashindano ya kwanza ya FIFA pale Maracanã kwa penalti dhidi ya Vasco, na waliingia kama mabingwa wa ligi ya Brazil nchi mwenyeji, mabingwa wa Amerika Kusini wa 1999 walikuwa Palmeiras na hawakuchezeshwa. Lakini hao Corinthians nawaheshimu sana, kwa sababu 2012 walirudi kwa njia iliyonyooka, wakashinda bara lao, mashabiki wao wakafurika Japani, na goli moja la Guerrero likawatosha kwa Chelsea. Mwaka huo hakuna mtu anayeweza kuwasumbua kwa swali.

Sasa kijana wetu atasema basi mjomba PSG ndio bingwa, manake kombe lile la Desemba lilihusisha mabingwa wa mabara yote. Karibu, lakini bado. Angalia walivyofika. Pyramids walicheza na Auckland City ya New Zealand, alafu wakasafiri Jeddah wakawapiga Al Ahli ya Saudi Arabia 3-1, Fiston Mayele huyuhuyu tuliyemzoea Yanga akafunga zote tatu, alafu wakaenda Qatar wakatolewa na Flamengo 2-0. Flamengo ile ilikuwa imetoka kucheza na Cruz Azul ya Meksiko siku tatu nyuma. PSG walikuwa wanasubiri fainali. Mechi moja! Mtu anapanda mlima siku tatu, mwingine anashushwa na helikopta kileleni, alafu mnaambiwa mshindane mieleka. Na ule mfumo wa Mazembe nao ulikuwa na doa hilohilo, Ulaya na Amerika Kusini waliingilia nusu fainali, sitaficha. Ila angalau bingwa wa Ulaya alikuwa anacheza mechi mbili, na anaweza kukutana na sisi mapema.

Kuna pesa pia. Kule Marekani zawadi yote ilikuwa dola bilioni 1, na kwa kushiriki tu klabu ya Afrika ilipata dola milioni 9.55, ya Oceania milioni 3.58, ya Ulaya kuanzia milioni 12.81 mpaka milioni 38.19. Mashindano yanayokulipa kulingana na ulikotoka kabla hujapiga hata pasi moja yameshaamua nani mkubwa.

Jibu la kijana nalijua, ameshanipa mara kumi. "Mjomba, tumecheza mechi saba, na tuliowafunga fainali ni mabingwa wa Ulaya." Ni kweli, na hapo ananibana. Mechi saba kwenye jua lile si mchezo, na PSG ile ilikuwa timu bora Ulaya nzima. Ningependa mechi saba zile, nafasi zile, viwanja vile, lakini wapewe mabingwa wa mwaka huo, na wote waanzie hatua moja. Sioni ugumu wake. Wakikubali, Chelsea siku wakichukua nitampigia kijana makofi mwenyewe.

Turudi Mazembe. Fainali walifungwa 3-0 na Inter Milan, Eto'o akafunga la pili, Mwafrika mwenzetu, kibanda hakikujua kishangilie ama kilie. Lakini miaka 12 baadaye, Oktoba 2022, Vipers yetu ya Kitende ikaenda Lubumbashi ikawatoa Mazembe haohao kwa penalti na kuingia makundi ya Afrika. Nilikuwa nasikiliza kwa simu ndani ya taksi, na nilimkumbuka yule mzee wa vitenge, nikajiambia kutoka Kitende mpaka ile fainali ya Abu Dhabi kumbe ni hatua ambazo mtu anaweza kuzihesabu kwa vidole. Makundi yale yalitushinda, Raja ya Morocco walitupiga tano, Simba wa Dar wakaja Kitende wakatufunga 1-0. Tulikuwepo lakini.

Kijana wetu hajawahi kuona mechi ya Afrika uwanjani, yeye ni tivii tu. Nimeshamwambia klabu ya Uganda ikicheza nyumbani raundi ya kwanza ya mabingwa wa Afrika tunakwenda wote, tiketi nalipa mimi, chapati na soda juu yangu, na jezi yake yenye beji avae tu.