Baada ya Kusomea Uundaji wa Programu: Tanga au Ughaibuni?

Vijana wengi wa hapa Tanga wanaohitimu mafunzo ya uundaji wa programu huniuliza kama wafunge safari ya ng'ambo mara moja. Mimi huwashauri waanze na kazi iliyopo nchini, kwa sababu tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, malipo ya simu yamezaa mahitaji ya mifumo ambayo mtu wa nje haielewi kwa urahisi: duka la jumla la Ngamiani linalotaka kuunganisha mauzo na stoo, wakala wa forodha bandarini, chama cha wakulima wa mkonge. Malipo ya kazi hizo ni madogo, na mara nyingine huchelewa, lakini humpa kijana kazi halisi za kuonyesha.

Uzoefu huo ndio unaofungua milango ya nje. Ujerumani, kwa mfano, tangu Novemba 2023 inaruhusu mtaalamu wa tehama asiye na shahada kuomba Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, mradi awe na uzoefu wa angalau miaka 3 katika 7 iliyopita, pamoja na ajira yenye mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa. Cheti peke yake hakitoshi.

Ipo pia njia ya tatu, ninayoipenda zaidi: kuifanyia kazi kampuni ya Berlin ukiwa Raskazone hapa hapa Tanga, kwani saa tatu asubuhi kwao ni saa nne au saa tano kwetu, kutegemea majira.