Droni ya mjomba kwenye meza ya fundi simu

Mwaka 2019, mwezi wa saba, binamu yangu anayeleta mizigo Kariakoo kutoka Guangzhou alirudi na boksi dogo la droni ya FPV, zile za kukimbizana, unavaa miwani unaona kinachoonwa na kamera yake. Haikua yake, mjomba ndo alimuagiza. Mjomba anapiga video za harusi, ana droni yake kubwa ya kukunja ambayo ukiachia rimoti inabaki hewani imetulia tuli inakusubiri, sasa sijui nani alimuonyesha video ya hivi vidogo vinapita chini ya meza vinatokea dirishani vinazunguka mnazi, basi usingizi ukaisha. Betri binamu alizibeba mkononi ndani ya ndege maana betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini, na stori ya alivyosimamishwa kuulizwa kuhusu hizo betri aliirudia mpaka tukaizoea.

Kwenye boksi wameandika iko tayari kuruka. Mimi nikaitwa kwa sababu kwenye ukoo wetu kitu chochote chenye taa na waya ni changu, na cha kwanza nilichomwambia mjomba ni kwamba hiyo tayari kuruka maana yake kuna mtu kiwandani kaiunganisha, basi, haimaanishi kuna mtu kaijaribu na hii rimoti yako. Ile kubwa yake ina GPS na vihisi vya kuishikilia, hii haina. Hii ina gairo ya kujua imeinama kiasi gani na mota nne zinazopiga makumi elfu ya mizunguko kwa dakika, mengine yote unayabeba wewe kwenye vidole vyako. Propela za inchi tatu ukiziangalia unaona kama za mtoto kuchezea, ila zikikupata kidole utajua.

Nyumbani Kimara tulikwama mapema tu. Programu ya kuisetia ni Betaflight, ya bure, nlikua nayo kwenye laptopu, ila kila waya tuliochomeka laptopu haioni kitu. Waya nyingi tulizonazo majumbani ni za kuchajia tu, ndani zina nyaya mbili za umeme na hazina zile mbili za data, afu kwa nje zinafanana kabisa. Mjomba akaanza kusema droni mbovu, binamu anasema si mbovu, mi nikasema nyinyi kaeni kimya twendeni kwa Fundi.

Fundi ni fundi simu, ana meza yake kwenye kordo ya jengo moja mtaa wa Aggrey, mita mbili kwa moja hivi, na ndo mtu ninayemuamini kwenye umeme mdogo mdogo kuliko wengi waliosomea. Tukapanda mwendokasi mpaka Gerezani tukatembea. Alikua hajawahi kuigusa droni. Akaitoa kwenye boksi, akaigeuza geuza chini ya lenzi yake, akasema "hii ni simu yenye mota nne, leteni kiti."

Mjomba tayari kashika betri anataka kuchomeka. Fundi akamuwekea mkono, "Mzee subiri. Betri hii ikikuta shoti haiulizi." Na ni kweli, zile betri za Lipo zinaweza kumwaga ampia nyingi kwa mpigo, kama kuna shoti mahali bodi inaungua kabla hujasema lahaula. Wenye hii michezo wana kifaa maalumu cha kuchomeka kati ya betri na droni kuzuia hilo, Fundi alikua nacho miaka yote bila kujua jina lake, ni ile pawasapulai yake ya kufufulia simu. Akaiseti volti 7.4 maana droni ni ya seli mbili, akabana ampia ziwe chache, akashika nyekundu na nyeusi kwenye plagi ya njano ya droni huku macho yote yako kwenye mshale. Mshale ukapanda kidogo, ukatulia. Droni ikalia vimlio vyake, taa zikawaka. "Inakula kawaida," akasema, kwa sauti ya daktari aliyesoma presha.

Mi nlifikiri tumemaliza upande huo. Fundi hapana. Kachomoa, kachukua mita, kaiweka kwenye mlio, waya mmoja kwenye nyaya za mota mwingine kwenye mwili wa mota, anapita moja moja. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu ile ya nyuma kushoto, piiiii. Akarudia. Piiiii. Akanitazama, "we unaona?" Nikasema mbona mshale haukusema kitu, akasema mshale hauwezi kujua, mota bado haijazunguka na waya umegusa sehemu moja tu haujapata pa kurudia. Fremu ya hizi droni ni kaboni na kaboni inapitisha umeme, kwahiyo siku sehemu nyingine nayo ikigusa fremu ndo unaona moshi.

Akafungua skrubu za ile mota, ziko nne, akazipanga kwenye kitambaa cha njano anachofutia vioo. Tatu sawa. Ya nne ndefu kwa kama milimita moja. Yaani milimita moja tu, lakini ilipita kwenye tako la mota ikaenda kukwangua waya wa shaba, na chini ya lenzi ilionekana kabisa, koili nzima ina rangi ya kahawia ya ile vanishi yake afu pale kwenye kona kuna doa linang'aa kama punje ya sukari. Mtu kiwandani kaokota skrubu ya kopo jingine, basi. Fundi akaingiza mkono kwenye kopo lake la skrubu za laptopu akatoa moja, akaipima na wenzake ukucha kwa ukucha, akaiweka kando. Kwenye doa akasema tunahitaji vanishi, na vanishi hana, ila saluni ya jirani wana rangi ya kucha isiyo na rangi. Dada wa saluni akaja nayo mwenyewe aone inaenda wapi, "Kaka, mnampaka mdudu kucha?" Tone moja kwa ncha ya njiti ya kiberiti, tukaacha ikauke, mita ikawekwa tena, kimya. Hapo ndo nikaomba waya. Na mtu anayeflash simu kutwa hawezi kukosa waya wa data, alikua nazo zimefungwa raba, kila moja kaiwekea alama.

Betaflight ikaiona saa hiyohiyo. Ukiinamisha droni mkononi na mchoro wake kwenye skrini unainama, hapo watu wakaanza kujaa, wa kununua chaja kasimama, muuza kahawa kasimama. Kabla ya kitu kingine unaiweka droni mahali palipo sawasawa uifundishe usawa ni upi, na meza ya Fundi imeinama tangu enzi, kwahiyo simu ikafunguliwa programu ya pima maji, vipande vya boksi vikaingia chini ya mguu wa meza, dakika kadhaa watu wazima wanabishana kuhusu povu la kwenye simu.

Ukurasa wa risiva, ile inayopokea mawimbi ya rimoti, ndo ulikua wa kuchekesha. Nasukuma stiki ya resi juu, kwenye skrini unapanda mstari wa kuinamia mbele. Nainamisha kulia, inapanda resi. Rimoti inatuma chaneli kwa mpangilio wake, droni imesetiwa izisome kwa mpangilio mwingine, ukiipeleka uwanjani hivyo unataka ipae yenyewe inajitupa mbele. Ni kuchagua tu mpangilio wa AETR, ule ambao rimoti inautumia, na kuseivu, mistari ikakaa. Swichi nikazigawa, moja ya kuruhusu mota kuwaka, nyingine ya engo, ile modi ambayo ukiachia stiki droni inajinyoosha yenyewe, na moja ya mlio, maana kitu chenyewe ukubwa wa kiganja, kikiangukia kwenye majani utakitafuta mpaka magharibi.

Mota tulizijaribu bila propela. Mjomba alitaka zifungwe ili asikie upepo, nikamwambia "mjomba, kidole unakihitaji?" naye akanijibu "mjomba, nina kumi," ila akavuta kiti nyuma. Betaflight inazihesabu hivi, ya kwanza nyuma kulia, ya pili mbele kulia, ya tatu nyuma kushoto, ya nne mbele kushoto, na zinazokaa kwa mshazari zinazunguka upande mmoja. Unawasha moja moja unagusisha kipande cha karatasi uone inatupwa wapi. Zote nne sawa, na ile iliyopakwa kucha ndo ikawa laini kuliko zote, au labda tuliipenda tu.

Nilichokua nakisubiri mimi ni felisefu, yaani droni inafanya nini ikipoteza mawimbi ya rimoti. Bado propela hazipo, nikaruhusu mota, nikapandisha resi kidogo zikawa zinalia, afu nikazima rimoti. Hapo zinatakiwa kufa. Hazikufa. Rimoti imezimwa iko mezani, mota nne zinalia vilevile, wala hazina habari. Muuza kahawa akauliza "sasa nani anaziendesha?" na hakuna aliyecheka. Kilichokua kinatokea ni kwamba risiva ikikosa mawimbi inaendelea kuipa droni namba za mwisho ilizozisikia, kwahiyo droni haijui kama imeachwa. Jaribu kuipiga picha hiyo hewani, umepita nyuma ya ukuta mawimbi yakakatika, resi iko juu, nayo inakwenda, inakwenda, mpaka betri iishe au ikutane na mtu. Nikachomoa betri. Mjomba, ambaye muda wote alikua na haraka, akasema taratibu, "hii hairuki mpaka hili liishe."

Likaisha kwenye rimoti yenyewe. Kuna menyu yake ya felisefu, na ilikua imezimwa kwenye chaneli zote. Nikaiambia mawimbi yakipotea resi iwe chini kabisa na swichi ya kuruhusu mota ihesabike imezimwa. Nikarudia, washa, resi, zima rimoti, kimya. Fundi akasema tena. Kimya. Binamu naye akataka azime yeye. Mi hilo zoezi ndo nalipenda kuliko kurusha kwenyewe, na mpaka leo mtu akiniletea droni yake nianze nayo naanzia hapo kabla sijaangalia kamera wala nini.

Video ilikwenda haraka. Ni GHz 5.8 ya analogi, picha ina chenga ila haicheleweshi, na kwenye kitu kinachokimbia hivyo bora chenga kuliko picha nzuri inayofika ukuta umeshaugonga. Transmita ya video inachemka ikikaa mezani bila upepo wa kupaa, Fundi akaigeuzia feni yake akabaki yeye anatoka jasho, na antena hatukuithubutu kuitoa ikiwa imewaka kwa sababu transmita bila antena inajiunguza. Volti zilizoandikwa kwenye miwani zilikua chini ya mita ya Fundi, tukasogeza kipimo mpaka zikalingana, mlio wa kutua tukauweka kwenye volti 3.5 kwa seli.

Jumapili tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni, tukaenda mbele huko kwenye kiwanja cha wazi mbali na watu. Nchi hii droni hairushwi kienyeji, inasajiliwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kibali unaomba, na kwa hilo mjomba simdai, kazi yake imemfundisha kutembea na bahasha ya karatasi kama mwenye kesi. Kusi ilikua inavuma. Nikaipandisha kwa engo mpaka usawa wa goti, juu ya majani, nikazima rimoti. Puf, chini. Mjomba akapiga makofi kwa droni kuanguka, watoto waliokua wanatuangalia kwa mbali wakaona huyu mzee hana akili.

Afu ikapaa kweli. Ndani ya miwani Kigamboni inakua nyingine, minazi inakujia, vivuli vinapita chini ya miguu, na unainama na kiti. Mjomba tulimkalisha kabisa maana watu wakivaa hiyo miwani wamesimama wanaanguka. Alirusha kwa engo tu, modi ya ekro, ile ambayo droni haijinyooshi yenyewe, nikamkatalia. Akaigonga kwenye kichuguu ikalala chali, nikamuonyesha swichi ya kobe inayogeuza mota kinyume ili ijipindue, ikajipindua, akafurahi na hiyo kuliko kuruka.

Njiani kurudi akawa anauliza itaingia lini ukumbini. Fundi, aliyefunga meza Jumapili nzima kuja na sisi, akamwambia mzee hii ukumbini hapana, itamnyoa bibi harusi. Mjomba akanyamaza mpaka tuko kwenye pantoni ndo akatoa elfu kumi akampa Fundi kwa kazi yote ile. Fundi akaiangalia, akaikunja vizuri, akamrudishia, "Mzee, hii ni bei ya kubadili kioo cha kitochi." Wakaanza kupatana hapohapo katikati ya mkondo, na tunashuka Magogoni walikua bado wako elfu ishirini na tano.