Viti vya wagonjwa vilivyonimenyukia, na nilivyochagua vingine

Viti vyetu vya kwanza vya chumba cha kusubiri vilianza kumenyuka kabla ya mwaka kwisha. Mgonjwa akiinuka, unakuta vipande vidogo vyeusi vimemganda kwenye nguo. Aliyevichagua ni mimi, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Nilikuwa nimenunua kwa kuangalia namba. Muuzaji aliniambia kitambaa kimesuguliwa mara laki moja kwenye mashine bila kuisha, nami nikaona basi, kitadumu. Kumbe mashine ile husugua kitambaa kikavu. Haikifuti kwa klorini asubuhi na spiriti jioni, na viti vyetu havikuharibiwa na makalio ya watu, viliharibiwa na dawa.

Nilimwita fundi makochi avitazame. Akachana mshono wa mbele wa kiti kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba, maji yakatoka. Sponji pale mbele ilikuwa imegeuka rangi ya chai kavu, na harufu yake sitaieleza.

"Angalia hapa, dada," akasema. "Maji yanapita kwenye matundu ya sindano. Juu mnafuta, ndani kunaoza."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nachagua kitambaa wakati nilipaswa kuchagua kiti kizima pamoja na dawa yake.

Nilianza na dawa. Mhudumu wetu wa usafi ni mtu mzima, ana miaka mingi kazini kuliko mimi. Nikamuuliza, "Mama, klorini unaichanganyaje?" Akanijibu bila wasiwasi, "Naongeza mpaka ninuse nguvu yake, mwanangu." Nguvu hiyo ilikuwa ikimwagwa kila siku kwenye viti ambavyo havikuwa na damu wala matapishi. Tukakubaliana: kufuta kwa kawaida ni asilimia 0.1, na asilimia 0.5 ni ya damu na majimaji ya mwili yaliyomwagika. Uchafu unaondolewa kwanza, maana klorini ikikutana nao inaishia hapo hapo. Dawa ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha kiti kifutwe kwa maji safi. Hatua hii ya mwisho hatukuwahi kuifanya hata siku moja, na masalia ya dawa yalikuwa yakikaa juu ya kiti yanakila taratibu.

Wapo walionishauri niachane na klorini, nitumie sabuni na spiriti tu. Haiwezekani. Kuna bakteria wa kuharisha, Clostridioides difficile, ambao mbegu zao haziuawi na spiriti. Kwa hiyo dawa kali ingebaki, na kitambaa ndicho kilichopaswa kuivumilia.

Nikaomba sampuli kwa wauzaji kadhaa. Kila moja nilikata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikavikunja katikati na kuvibana kwa kibanio cha nguo, kwa sababu kwenye kiti kitambaa kinapasukia pale kinapopinda. Kila siku, kwa wiki tatu, kipande kimoja kilifutwa klorini, kingine spiriti, kingine peroksaidi, dawa nyingine ya kuua vijidudu. Wenzangu walicheka sana kuona kamba ya vitambaa dirishani mwangu.

Ngozi ya bandia ya vinaili ya bei rahisi ilikauka kwenye kunjo, ikatoa nyufa nyembamba kama za udongo. Spiriti hunyonya mafuta yale yanayoilainisha. Ile ya poliuretheni ndiyo iliyonidanganya zaidi, laini, nzuri kushika, lakini ikiwa mbichi uso wake ulivimba, na ukucha ulitosha kuubandua. Ya silikoni haikubadilika, hata wino wa kalamu ulitoka. Ubaya wake inavuta vumbi, na bei yake inakufanya urudie kusoma.

Nikagawa. Silikoni ikaenda chumba cha sindano na cha kufunga vidonda. Chumba cha kusubiri tuliweka vinaili nzito zaidi, ambayo mtengenezaji wake alikubali kutuandikia orodha ya dawa inazostahimili. Aliyekataa kuandika nilimtoa palepale. Mkubwa wangu alitamani kitambaa cha kufuma, eti kunapendeza kama sebuleni. Nilimwonyesha ile sponji, tukayamaliza.

Kisha mishono, na hapa fundi alinisaidia kuliko karatasi zote. Juu ya kalio la kiti hakuna mshono hata mmoja, yote imeshushwa pembeni na chini. Ule mkanda wa pambo unaozunguka ukingo tuliuondoa, maana nyuma yake ndipo kitambaa cha kufutia kisipofika. Kati ya kalio na egemeo tuliacha nafasi ya mkono kupita, makombo yaanguke sakafuni. Foronya inavulika kwa zipu iliyofichwa chini.

Kiti kikitoboka kinatolewa siku hiyo hiyo. Zamani tulikuwa tunabandika utepe, na utepe wenyewe ndio uliokusanya uchafu.

Wiki hii stoo wameleta dawa mpya ya kufutia, chupa ya bluu, wanasema haina harufu. Nimeshabana vipande viwili dirishani. Leo ni siku ya nne, na kile cha vinaili nakiona kimeanza kung'aa vibaya kwenye kunjo.