Kisigino changu na tailizi za saluni

Kuna kipindi kila nikiamka nilikuwa naenda chooni natembea kama bata. Unashusha mguu kitandani, kisigino cha kushoto kinagusa sakafu, paa! kama kuna msumari humo ndani, na siyo kisigino chote, ni pale chini upande wa ndani kidogo. Nashika ukuta, hatua kumi, kumi na tano, halafu maumivu yanalegea taratibu, nikifika jikoni kubandika chai nishasahau. Na hapo ndo nilipodanganyika, maana ugonjwa gani unapoa kabla chai haijachemka? Nikawa napuuzia tu mpaka ikafika hatua jioni nikikaa nusu saa kwenye daladala, kushuka kituoni ni kuchechemea.

Mi ni msusi. Nina saluni ndogo huku Sinza, nasimama kuanzia saa tatu asubuhi na wikiendi nafunga saa tatu usiku, juu ya tailizi, na mguuni miaka yote ni ndala, zile nyembamba ambazo unaweza ukazikunja kama chapati. Sasa ukiwa na saluni madaktari hukosi. Mmoja akaniambia hiyo ni asidi, acha nyama nyekundu na maharage, nikaacha wiki tatu nzima. Mwingine akasema nimekanyaga kitu, nimewekewa mlangoni, huyo nilimsuka nikanyamaza. Mama mmoja mtu mzima akaniletea mafuta ya kuchua, nikawa nachua kila usiku na maji ya moto ya chumvi, raha tupu mpaka usingizi, asubuhi msumari uko palepale.

Nikaenda hospitali. Nikapigwa eksirei, kukaonekana kama mwiba wa mfupa umeota chini ya kisigino, nikaambiwa ndo huo unaokuchoma, nikaandikiwa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe, nikaruhusiwa. Dakika tano hazikufika. Nimerudi nyumbani nimenywea, kichwani nishajiona napasuliwa mguu. Vidonge vilinituliza siku nne tano, tumbo likaanza kuwaka nikaacha.

Aliyenifumbua macho ni mteja, na huyu kweli alikuwa mtaalamu wa fizio, wale wanaotibu viungo kwa mazoezi. Nipo namalizia kichwa chake ananiangalia kwenye kioo, akasema "dada, mbona unasimama kama korongo?" Kumbe nilikuwa nimeuinua mguu wa kushoto bila kujijua. Akaniambia kaa, akavuta kidole gumba cha mguu kwa juu, akabonyeza pale pale chini ya kisigino, nikapiga kelele mpaka muuza juisi wa nje akachungulia.

Akaniambia jina, planta fashaitisi, mpaka leo nalitamka kwa kulivunjavunja. Chini ya unyayo kuna utando mgumu kama mkanda wa begi, umeanzia kwenye mfupa wa kisigino unaenda mpaka kwenye mashina ya vidole, ndo unaoshikilia ule upinde wa mguu. Kila ukipiga hatua, kisigino kikinyanyuka na vidole vikikunjika, mkanda unavutika. Usiku ukilala mguu unalegea unaelekea chini, mkanda na vigimbi vinajikunyata, asubuhi unashuka na kilo zako zote unavivuta kwa mpigo. Nikamwambia hiyo nimeielewa kuliko unavyofikiri, mteja akisukwa twende kilioni ya kukaza kila wiki, nywele za mbele ndo zinanyonyoka kwanza, kwa sababu mvuto wote unaishia pale kwenye shina. Akacheka akasema ndo hivyohivyo, shina lako ni kisigino.

Kuhusu ule mwiba wa mfupa, aliniambia kitu ambacho natamani ningeambiwa siku ile ya eksirei: watu kibao wanao na hawaumwi chochote, na wengine wanaumwa kufa na hawana. Na gauti, hiyo asidi ya wateja wangu, mara nyingi huanzia kidole gumba, kiungo kinavimba chekundu cha moto, hata shuka likigusa unalia. Mimi sikuwa na uvimbe wowote.

Usiku nikaingia intaneti kusoma. Nikakuta mwaka 2003 Marekani, daktari wa miguu anaitwa Harvey Lemont na wenzake waliangalia vipande vya mkanda huo vya wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji, wakakuta nyuzinyuzi zimechakaa na kuchanikachanika, siyo uvimbe wa moto kama ile "itisi" ya kwenye jina inavyosema. Hapo nikaelewa kwa nini vidonge vilituliza tu. Kitu kilichochakaa unakirudishia nguvu, huwezi kukizima kama moto.

Sasa tiba yenyewe, na hapa msitegemee maajabu maana mi mwenyewe niliidharau. Asubuhi kabla sijashuka kitandani naweka mguu juu ya goti, navuta vidole vyote nyuma kuelekea muundi mpaka nahisi mkanda umekaza kama uzi, nahesabu kumi, naachia, mara kumi. Kwa siku narudia mara tatu. Nikifungua saluni nasukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, kunyoosha vigimbi. Na kila baada ya siku moja nasimama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo nimelikunja chini ya vidole ili vielekee juu, napanda kwa kuhesabu tatu, natulia mbili, nashuka tatu. Mara kumi na mbili, raundi tatu, na ikizoeleka unaongeza mzigo, mi nilibeba begi mgongoni nimetia mchele kilo tano, watoto wakacheka wee. Hili zoezi la taulo lilifanyiwa utafiti Denmark, ukatoka 2015, waliofanya walikuwa na nafuu zaidi ndani ya miezi mitatu kuliko waliojinyoosha tu, ingawa ulipofika mwaka wote walikuwa karibu sawa. Mi kwa kusimama kwangu miezi ile ina maana kubwa.

Halafu viatu. Nilienda Karume nikachagua raba za mtumba, niliambiwa nishike kiatu nikikunje, kikikunjika katikati rudisha, kinatakiwa kikunjike kwenye vidole tu na kisigino kiwe kimenyanyuka kidogo. Ndala nikazitoa saluni, na nyumbani pia, maana tailizi za nyumbani na za saluni ni zilezile, peku siku hizi ni kitandani tu. Nikanunua na kiti kirefu, rasta za nusu ya chini nasuka nimekaa. Jioni naviringisha mguu juu ya chupa ya maji iliyoganda, dakika kumi, inatuliza tu, haitibu. Ila kama una kisukari na miguu ina ganzi achana na barafu na maji ya moto kabisa, utaungua bila kujua.

Sindano ya steroidi niliitamani, rafiki yangu alichomwa akatembea vizuri wiki kadhaa, ikarudi. Inasaidia kwa muda, ila ina hatari ya kukatika mkanda na kupunguza mafuta ya ndani ya kisigino, nikasema ngoja kwanza.

Wiki ya sita hakuna kitu, nikamtumia yule fizio meseji ya hasira. Akajibu "endelea". Mwezi wa tatu nikaamka siku moja niko jikoni ndo nakumbuka sijashika ukuta. Mwezi wa saba maumivu yakabaki ya siku za bibi harusi tu, ukisimama masaa kumi na mbili. Wengi wanapona ndani ya mwaka bila kisu, ila kisigino kikiuma hata umelala, au kimevimba, au kuna ganzi na kuwaka, au ulianguka ukashindwa kukanyaga, hiyo siyo ya kusoma kwangu, nenda ukapimwe.

Maharage nimerudia, ya nazi. Na yule dada wa asidi ana miadi Jumamosi, nitamlipisha fidia ya wiki tatu.