Wimbo wa Kuingilia Ulingoni

Mtwara, Jumapili jioni

Msimu wa korosho umechangamka, pesa imeanza kuonekana mjini, na mapambano ya ngumi nayo yamerudi. Kazi yangu huko ni muziki. Nakaa na mikisa yangu pembeni ya ulingo, mtangazaji akimwita bondia, mimi nampigia wimbo wake wa kuingilia. Wengi wanaona ni kazi ya kubonyeza kitufe tu. Kwangu ni sehemu ya pambano lenyewe, na siku hizi naifikiria hata nikiwa sokoni nachagua samaki.

Karibu kila kijana anakuja na ombi lile lile: "Dada, niwekee singeli, iwe ya moto." Namwelewa. Singeli imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, lakini huku Kusini imeshika kwelikweli. Ikipigwa hapa Mtwara, Magomeni au Chikongola, hata bibi aliyekaa barazani bega linamcheza. Ila ina mbio. Mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, na zipo zinazokaribia 300. Mtu anayetembea kwa kujiamini anapiga hatua 100 hadi 120 hivi kwa dakika hiyo hiyo. Sasa miguu ifanye nini?

Nimekuwa nikiwatazama. Kuna bondia anayetoka chumbani akifukuza kila pigo: anaruka, anarusha ngumi hewani, anajizungusha, na akifika kwenye kamba kifua kinapanda na kushuka, kocha anamwambia "pumua, pumua" kabla kengele haijalia. Kuna mwingine, kwa wimbo huo huo, anakanyaga pigo moja na kuacha moja. Mapigo 200 yanageuka hatua 100, mwendo wa mtu anayekwenda kudai chake. Juu muziki unachemka, chini yeye anatembea. Jana usiku alikuwepo mmoja wa hivyo, kijana wa Mikindani, taulo begani, jasho jembamba la kupasha mwili linang'aa shingoni, macho yake hayakutoka kwenye kona nyekundu mpaka alipoifikia. Alishinda, na alishinda kwa mkono wake wa kushoto, siupi wimbo sifa isiyo yake. Lakini aliingia ulingoni na pumzi zake zote.

Wataalamu wameliangalia jambo hili kwa njia yao. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amechunguza muziki na michezo kwa miaka mingi, na kwa mazoezi anataja mara kwa mara mapigo 120 hadi 140 kwa dakika. Yupo pia Haile Gebrselassie wa Ethiopia: mwaka 1998, Birmingham, aliomba apigiwe wimbo wa dansi wakati anakimbia mita 2000 ndani ya ukumbi, kwa sababu mdundo wake ulikwenda sawa na hatua zake. Akaweka rekodi ya dunia. Yeye muziki ulimsindikiza akiwa kazini. Bondia unamwacha mlangoni mwa kazi, na ndiyo maana mimi naona wimbo wake unahitaji uangalifu zaidi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mpiga ngoma kutoka Newala. Nilikwenda kumsikiliza akiwa na wenzake kwenye sindimba, ngoma ya Wamakonde, nikafika mapema wakati bado wanazipasha ngoma moto. Wamewasha nyasi kavu, mzee ameinamisha ngoma ndogo juu ya moto, anaitoa, anaigonga kwa kidole kimoja, anatega sikio, anairudisha tena. Ngozi ilipokaza akauchomeka ardhini ule mguu wake uliochongoka, akachukua fimbo zake nyembamba. Ngoma ndogo zikaanza kumwagika kama mvua ya masika juu ya bati. Chini yake ikaja ngoma kubwa, nzito, haina haraka yoyote. Nikamuuliza baadaye mchezaji anashika ipi. Akanijibu, "Mjukuu wangu, hizi ndogo ni za wanaotazama. Ile kubwa ni ya anayecheza."

Tangu hapo, mtu akinipa wimbo, kwanza natafuta ngoma kubwa yake iko wapi. Kama haipo, wimbo huo utawapandisha watazamaji na kumwacha mwenyewe hana pa kuweka mguu.

Na kuna jambo jingine ambalo spika yangu hailiwezi hata kidogo: mzee anamtazama mchezaji miguuni. Mchezaji akichelewa, anamngojea, akichangamka, anamwongezea. Kule Marekani, kwenye besiboli, desturi ya kila mchezaji kuwa na wimbo wake ilikuzwa na watu wa namna hii. Nancy Faust alipoanza kupiga kinanda kwa timu ya Chicago White Sox mwaka 1970, alikuwa akimchagulia mchezaji wimbo kulingana na jimbo alikotoka. Alikuwa uwanjani, anamwona. Flashi yangu ya nyimbo haimwoni mtu.

Nguvu yenyewe wala haitokani na mbio peke yake. Kwenye vibanda umiza vya hapa mjini, wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya ukianza, ubishi wote unakoma. Tony Britten aliutengeneza mwaka 1992 kutokana na kazi ya Handel, kwaya na okestra, unakwenda taratibu, na vinyweleo vinasimama.

Kuna na namna ya kuumaliza. Zamani DJ wengi walikuwa wanaukata papo hapo bondia akivuka kamba. Mabondia wenyewe wameniambia ukimya ule wa ghafla unawapiga, mtu anajiona yuko peke yake kabla hajajiandaa. Mimi naushusha polepole, kwanza sauti ya mwimbaji, halafu vyombo vya sauti ya juu, besi naiacha mpaka mwamuzi awaite katikati.

Pambano linalokuja yupo bondia wa kike kutoka Masasi. Amenitumia wimbo wake kwa WhatsApp, mzuri sana, una besi ya kutosha. Tatizo ni utangulizi: mdundo unaingia baada ya sekunde 40, na kutoka chumbani hadi ulingoni hazifiki sekunde hizo. Angefika wimbo haujaanza. Nimemjibu kwamba nitaanzia pale besi inapoingia, akakubali, kisha akauliza kama mzee wa Newala anaweza kuja na ile ngoma kubwa. Nimempigia mzee leo mchana. Anakuja. Anataka nyasi kavu za kupashia, na akae upande ambao ataiona miguu ya binti tangu anapotoka mlangoni.