Kilimia nilikikuta Chaco

Tangu nihamie Albuquerque, miaka kumi na moja sasa, sikuwahi kukiona kilimia, kile kishada cha nyota. Taa za mji zimekimeza. Baba yangu ni mvuvi wa Pangani, na nyota za kwanza alizonifundisha, nikiwa nimekaa kwenye ubavu wa ngalawa iliyopandishwa pwani, ni hizo. Kwa hiyo Oktoba hii, siku za giza, zile wavuvi wa dagaa wanazozingojea, nilimchukua mwanangu wa miaka 12 tukaenda kulala Chaco, bonde la jangwani kaskazini-magharibi mwa New Mexico, Marekani.

Kilomita kama 21 za mwisho ni vumbi na makorongo, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Ukifika huko huna duka, huna mafuta, huna mtandao wa simu. Tulipiga hema kwenye kambi ya Gallo, chini ya genge la mawe ya rangi ya mdalasini. Ardhi ilikuwa ngumu hata vigingi viwili vikapinda, ikabidi kamba nizifunge kwenye mawe.

Mchana tulizunguka Pueblo Bonito, jumba la vyumba zaidi ya 600 ambalo mababu wa Wapueblo wa leo, wenyeji wa asili wa huku, walianza kulijenga katika karne ya 9. Nilisogeza uso karibu na ukuta. Vijiwe bapa, vingine vyembamba kuliko kidole changu, vimepangwa safu juu ya safu kwa subira ya ajabu. Maboriti yao waliyatoa milimani, zaidi ya kilomita 70, na hawakuwa na gurudumu wala punda. Kuna kuta zilizonyooshwa sawasawa na kaskazini. Watu hawa walikuwa wakitazama juu.

Mchoro ndio ulionishika zaidi. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 10 kwenda na kurudi, jua likichoma, na mwanangu alinung'unika nusu ya njia. Chini ya mwamba uliojitokeza, pamepakwa rangi nyekundu: kiganja cha mtu, mwezi mwandamo, na nyota kubwa. Wapo wataalamu wanaodhani ni ile nyota iliyolipuka mwaka 1054, ambayo Wachina waliiandika na ambayo ilionekana hata mchana kwa siku 23. Wengine hawakubali. Mimi nilikitazama kile kiganja nikamwona mtu anamwita mwenzake, njoo, tazama pale.

Usiku ukaingia kwa ghafla, na baridi nayo. Chaco ilitambuliwa mwaka 2013 kuwa hifadhi ya anga la giza, na taa zake chache zimefunikwa zisimwage mwanga juu. Tulizima tochi. Kwa dakika ishirini hivi hatukusema neno, macho yanazoea, na njia nyeupe ya nyota ikajitandaza kutoka genge hili hadi lile. Kaskazini nilimwonyesha nyota ya ncha, ambayo Pangani haionekani kamwe, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta.

Ilipofika saa tatu, juu kidogo ya mwamba wa mashariki, kikatokea.

"Mama, zile zilizosongamana ni nini?"

"Hicho ndicho kilimia. Hesabu."

Akahesabu sita, akarudia, akapata saba. Nikamwambia wanavyosema kwetu: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alinifanya nirudie mara tatu.

Saa tisa usiku baridi iliniamsha. Maji ndooni yalikuwa yameshaganda juu. Kilimia kilikuwa karibu na utosi, kimeelemea kidogo kusini. Kwetu kikifika juu kabisa hukitafuta kaskazini. Nilisimama na blanketi mabegani, shingo ikiuma, nikashindwa kurudi ndani.

Kesho yake mchana, tuliporudi barabara ya lami, simu ikashika mtandao. Nyumbani ilikuwa saa nne usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Salama?"

"Salama. Toka nje kidogo, kilimia kipo?"

Nikasikia komeo la mlango, kisha kandambili zake kwenye changarawe, taratibu, maana goti lake halimpi raha siku hizi.

"Kipo. Kimeshatoka baharini," akasema. "Mpe simu mjukuu wangu."